Kupanda Mlima Chamundi, Mysuru: mwongozo kwa anayekwenda hekaluni mara ya kwanza

Kila muhula mpya ukianza Mysuru maswali ya wanafunzi wetu ni yale yale, na ndiyo hayo hayo anayouliza ndugu aliyemsindikiza mgonjwa Bengaluru akapata siku mbili za kungoja majibu ya vipimo. Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia? Viatu naviacha wapi? Wakinipaka rangi kwenye paji la uso nifanyeje? Ngazi ziko ngapi, na mama yangu ataziweza? Nimeyaandika majibu yote mahali pamoja ili nipumzike kuyatuma kwa sauti usiku wa manane.

Mlima wenyewe ni Chamundi, wenyeji wanauita Chamundi Betta. Uko kama kilomita 13 kwa barabara kutoka katikati ya Mysuru, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Kilele kimepita kidogo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mji uko kwenye mita 760 hivi, kwa hiyo habari za hewa nyepesi waachie wanaokwenda Himalaya. Juu kuna hekalu la Chamundeshwari, mungu wa kike ambaye ukoo wa wafalme wa Mysuru, akina Wodeyar, walimfanya mlinzi wa nyumba yao.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa: ndiyo, unaingia. Mlangoni huulizwi dini. Yapo mahekalu India ambayo asiye Mhindu hasogei zaidi ya ua wa nje, na mengine humtaka atie saini kwanza. Hili si mojawapo. Unachodaiwa ni adabu, na adabu ya mgeni kwenye nyumba ya ibada unaijua tangu kwenu.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Nguo inayofunika mabega na magoti. Kitenge, dera, gauni refu, suruali na shati, vyote vinafaa. Kaptula na vesti viache hosteli.
- Viatu vinavyovulika upesi lakini vinavyoshika chini. Kandambili zilizolika soli ni hatari wakati wa kushuka.
- Jozi ya soksi mfukoni. Saa sita mchana sakafu ya mawe inaunguza nyayo, na kiatu huruhusiwi.
- Maji kwenye chupa ya chuma. Plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mlimani.
- Noti ndogo za rupia 10, 20 na 50. Wauzaji wengi wanapokea malipo ya simu, ila mgeni asiye na akaunti ya benki ya India atategemea noti, na hakuna atakayemtafutia chenji ya 500 kwa ajili ya dafu.
- Nakala ya pasipoti na viza. Yenyewe iache chumbani.
- Mfuko wa kitambaa wenye zipu. Sababu yake ina mkia, nitamfikia.

Usibebe nyama, mayai, pombe wala sigara. Ule biriani wa kuku uliobaki jana, hata ukiwa umefungwa vizuri kiasi gani, mahali pake si hapa.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Ijumaa na Jumanne ni siku za mungu huyu, Jumapili ni siku ya kila mtu. Ukitaka nafasi ya kutazama bila kusukumwa, nenda Jumatatu, Jumatano au Alhamisi.

Kuna mwezi wa kalenda yao uitwao Ashadha, unaoangukia kati ya Juni na mwanzoni mwa Agosti. Ijumaa za mwezi huo watu wanaanza kufurika usiku wa manane, magari binafsi yanazuiwa chini, na abiria wanapandishwa kwa mabasi kutoka viwanja vya upande wa jumba la Lalitha Mahal. Kama unapenda kuona umati, hiyo ndiyo siku yako. Kama hupendi, itakuwa adhabu. Sikukuu ya Dasara ya Septemba au Oktoba ni habari nyingine kabisa, na vyumba vya wageni mjini hujaa mapema.

Miezi mizuri ya ngazi ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Februari. Machi hadi Mei ni jua kali. Juni hadi Septemba mawe yanateleza.

Hekalu hufunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha saa 9:30 alasiri hadi 12 jioni, kisha tena saa 1:30 hadi 3 usiku. Nimezitaja kwa saa zetu za Kiswahili. Kwenye kibao utaona 7:30 ya asubuhi, usije ukachanganya. Anza ngazi saa 12 asubuhi, ufike juu mlango ukifunguliwa.

Wanaotoka Bengaluru: ni kama kilomita 145, na treni huchukua saa mbili hadi tatu kutegemea ni ipi. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, ila utapanda ngazi jua likiwa limeshakolea. Lala Mysuru usiku mmoja. Wanafunzi wenye pikipiki wakumbuke kwamba tangu Agosti 2023 pikipiki na bajaji haziruhusiwi kwenye njia kuu ya barabara mpya ya Bengaluru na Mysuru. Mnapita barabara za pembeni.

Hatua ya 2: Ijue hadithi kabla hujainua mguu

Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanarudi wakisema wameona "sanamu nyingi tu na msongamano". Bila hadithi, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kaa nikusimulie.

Palikuwa na zimwi aitwaye Mahishasura, baba yake jitu, mama yake nyati. Alikuwa na uwezo wa kujigeuza nyati au mtu apendavyo. Alifunga, akajitesa kwa ibada miaka na miaka mpaka Brahma, mungu muumbaji, akamtokea na kumwambia aombe atakacho. Akaomba asife kabisa. Akaambiwa hilo haliwezekani, kilichozaliwa hufa. Basi akaomba asiuawe na mungu wala mwanamume yeyote. Mwanamke hakumtaja, maana hakumhesabu kuwa wa kuogopwa.

Akapewa. Kilichofuata unaweza kukikisia: akateka dunia, akapanda mbinguni, akamfukuza Indra, mfalme wa miungu, kwenye kiti chake. Miungu wakaenda kulalamika kwa Shiva na Vishnu. Hasira yao wote ikawatoka kama mwanga, mianga ikakutana, ikawa mwanamke, ndiye huyu Chamundeshwari. Kila mmoja akampa silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu lenye makali, Indra radi. Himavat, mungu wa milima ya theluji, akampa simba wa kupanda.

Zimwi lilipomwona likacheka, likatuma majeshi. Majeshi yakaisha. Likaja lenyewe kwa umbo la nyati, likatupiwa kamba, likawa simba. Simba akakatwa kichwa, akatoka mtu mwenye upanga. Mtu akachomwa mishale, akawa tembo. Tembo akakatwa mkonga, akarudi kuwa nyati. Mungu wa kike akanywa kinywaji chake kwa utulivu, akaruka, akamkanyaga shingoni na kumchoma mkuki. Zimwi likajaribu kutoka kwa mara ya mwisho kupitia mdomo wa nyati, likafika nusu. Hapo likakatwa kichwa.

Hadithi hii imo katika Devi Mahatmya, maandiko ya Kisanskriti yanayosomwa hadi leo kwenye mausiku tisa ya Navaratri. Ni mausiku hayo hayo ambayo Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, wengi wao wenye asili ya Gujarat, huyasherehekea kwa ngoma ya kuzunguka duara. Watu wa Mysuru wanashikilia kwamba pambano lilikuwa hapa kwao, juu ya mlima huu, na mji umebeba jina la zimwi hilo. Siku ya kumi, siku ya ushindi, sanamu ya Chamundeshwari hutembezwa mjini juu ya tembo, ndani ya kiti cha dhahabu kinachosemwa kuwa na uzito wa kilo 750. Hiyo ndiyo Dasara.

Sasa unajua unapanda kwenda kwa nani.

Hatua ya 3: Fika chini ya ngazi, si juu ya mlima

Kosa la kwanza la wageni linatokea hapa. Ukimwambia dereva wa bajaji "Chamundi" peke yake, atakupeleka kwa barabara mpaka mlangoni mwa hekalu na kukutoza nauli ya mzunguko wote. Mwambie "Chamundi Betta, mettilu", yaani kwenye ngazi. Mwoneshe na ramani ya simu. Patana bei kabla ya kukaa, au tumia programu ya kuita usafiri.

Asiyetaka ngazi apande basi namba 201 kwenye kituo cha mabasi ya mjini. Linafika juu kabisa, nauli ni ndogo, na ukikaa dirishani mji unafunguka chini yako kila kona. Akina dada, ule mpango wa wanawake kupanda mabasi ya serikali bure ulioanza Juni 2023 ni wa wakazi wa Karnataka wenye kitambulisho. Lipeni tu, msibishane na kondakta.

Hatua ya 4: Panda kwa upande, na polepole

Husemwa ni ngazi 1,000. Wengine husema 1,008, kwa sababu 1,008 ni hesabu tukufu kwao. Zilichongwa karne ya 17, zama za mfalme Dodda Devaraja Wodeyar, na kimo chake hakilingani: kidato kimoja ni cha mtoto, kinachofuata kinakudai goti lote. Mwanzoni ndiko kwenye mwinuko mkali, na ndiko vijana wanakokimbia ili wapigwe picha. Utawapita mbele wamekaa.

Mtu mwenye afya ya kawaida atatumia kama saa nzima pamoja na kupumzika. Pumzika kabla hujachoka, kunywa maji kidogo kidogo.

Utakutana na wanawake wanaoinama kwenye kila kidato na kukipaka unga mwekundu na wa manjano, kimoja baada ya kingine, toka chini mpaka juu. Ni nadhiri. Pengine ameomba mtoto, pengine mume apone. Wengi hupanda pekupeku. Usikanyage alama mbichi kama kuna nafasi pembeni, usimpige picha mtu akiwa ameinama, na usiwapite kwa kuwaruka. Ukitaka njia, sema "akka" kwa mwanamke, "anna" kwa mwanamume. Ni dada mkubwa na kaka mkubwa kwa Kikannada, lugha ya huku. Kwa mama mtu mzima sema "amma". Hata ukitamka vibaya watatabasamu na kusogea.

Angalizo: unga huo ukilowa umande au mvua unateleza. Tembea pembezoni.

Hatua ya 5: Simama kwa Nandi

Zikibaki ngazi kama 300 utatokea kwenye uwazi, na ng'ombe dume mweusi amelala mbele yako. Ni Nandi, kipando cha Shiva, aliyechongwa kwenye mwamba mmoja zama za mfalme yule yule wa ngazi. Kimo chake kinakaribia mita 5, mwili una zaidi ya mita 7. Ukisogea utaona kengele na mikufu ya shingoni imechongwa kitanzi kwa kitanzi, na mguu mmoja wa mbele umekunjwa kama anayetaka kuinuka. Mimi hapa ndipo ninapopapenda kuliko hekalu lenyewe, na sioni haya kusema.

Watu huuliza ng'ombe wa Shiva anafanya nini kwenye mlima wa mungu wa kike. Chamundeshwari anahesabiwa kuwa sura mojawapo ya Parvati, mke wa Shiva. Tena mlima huu ulikuwa wa Shiva kwanza: juu kuna hekalu la Mahabaleshwara, dogo na la zamani kuliko lile kubwa.

Vua viatu kabla ya kukaribia jukwaa lake. Mara nyingi kuna kuhani anayetoa maua na unga mwekundu. Pembeni wanauza madafu, juisi ya miwa, na maembe mabichi yaliyokatwa na kupakwa chumvi na pilipili. Mtu wa Forodhani au wa Lighthouse Mombasa hahitaji maelezo.

Barabara ya magari inapita hapa. Kama miguu imekataa, hapa ndipo pa kukubaliana nayo.

Hatua ya 6: Fika juu, acha viatu, pokea au kataa kapu

Kitu cha kwanza karibu na kituo cha mabasi ni sanamu ya Mahishasura mwenyewe, amepakwa rangi zinazowaka, masharubu yamesimama, mkono wa kulia upanga, wa kushoto nyoka. Kila mtu anapiga picha naye. Zimwi limeuawa lakini ndilo lenye picha nyingi kuliko aliyeliua, kwa sababu ndani picha haziruhusiwi. Kubalianeni wenzako wote kwamba mkipotezana, mtakutania kwa zimwi.

Kutoka hapo ni mtaa wa vibanda. Watakuita kwa sauti wakikunyooshea kapu lenye nazi, ndizi, maua, udi na kafuri. Hizo ni sadaka za kumpelekea mungu, na si sharti kununua. Ukinunua, uliza bei kwanza. Usiyanuse maua ya sadaka: ukishayanusa umeyatumia wewe, hayatolewi tena.

Viatu peleka kwenye banda la kutunzia, upewe kibao chenye namba. Kibanda cha maua kitakwambia uviache kwake "bure", na bure hiyo ni kapu. Simu izime au uitie mfukoni kabla ya mlango.

Hatua ya 7: Mstari, na yanayotokea ndani

Kuna mstari wa bure na kuna mstari wa tiketi unaokwenda haraka. Bei imebandikwa dirishani. Nunua tiketi dirishani tu, kamwe usinunue kwa kijana anayekufuata akisema ana njia ya mkato.

Mnara wa langoni una ghorofa saba na vichwa vya dhahabu juu. Mfalme Krishnaraja Wodeyar wa Tatu ndiye aliyeujenga mwaka 1827. Ndani, karibu na chumba kitakatifu, yumo mwenyewe: sanamu ya mtu mzima amekunja viganja, na wake zake watatu. Wengi wanampita wakidhani ni mungu mwingine. Mtazame vizuri, kwa kuwa ana hadithi ya kusimuliana kwenye mstari.

Mwaka 1610 Raja Wodeyar wa Mysuru aliuteka mji wa Srirangapatna kutoka kwa liwali wa dola ya Vijayanagara. Mke wa liwali, Alamelamma, akakimbia na vito vyake. Mfalme akatuma askari wavifuate. Mwanamke yule alipoona hana pa kwenda akajitupa mto Kaveri, na kabla ya kujitupa akatamka laana tatu: Talakadu ijae mchanga, Malangi iwe kizingia cha maji, na wafalme wa Mysuru wasipate watoto. Talakadu ipo, na mahekalu yake yamezikwa na mchanga kweli. Nayo familia ya kifalme, kwa karne nne, imekuwa ikilazimika mara kwa mara kuchukua mtoto wa kupanga ili kiti kipate mrithi. Huyu Krishnaraja, na wake zake wote hao, hakuacha mtoto wa kiume wa kurithi. Alichukua mtoto wa kupanga. Mkuu wa familia wa sasa, Yaduveer, naye alichukuliwa kuwa mtoto wa kupanga mwaka 2015, kisha mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume wa kumzaa. Mji mzima ulizungumza laana siku hiyo.

Turudi kwenye mstari. Mbele ya chumba kitakatifu una sekunde chache, na walinzi wanakusukuma taratibu. Usigombane. Mungu amekaa, ana mikono minane, na maua yanamfunika karibu mwili wote. Tazama uso. Kisha huenda yakafuata haya:

- Kuhani anapitisha sinia lenye moto wa kafuri. Wanaoabudu hupitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha machoni, kisha huweka sarafu.
- Anamimina maji kidogo kiganjani. Mkono uwe wa kulia. Wao hunywa, kisha hujipaka kichwani yanayobaki.
- Anatoa unga mwekundu wa kupaka katikati ya nyusi.

Wewe si lazima ufanye lolote kati ya hayo. Kutazama si kuabudu, na kushiriki au kutoshiriki ni jambo lako na imani yako, Mwislamu au Mkristo. Ninachoweza kukufundisha ni kukataa bila kuudhi: kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, sogea. Usitikise mkono kama anayefukuza nzi. Usipokee kisha ukamwaga.

Kinamama mjue pia kwamba desturi ya mahekalu mengi ni mwanamke aliye hedhini kubaki nje. Hakuna anayeuliza. Nimesema ili mjue, uamuzi ni wenu.

Hatua ya 8: Zunguka kulia, kula, tazama mji

Ukitoka, fuata watu kuzunguka hekalu kwa upande wa mshale wa saa, hekalu likiwa kuliani kwako. Kwenda kinyume ndilo kosa linalowafanya wazee wakuonyeshe kidole.

Dirishani wanauza laddu, vidonge vitamu vya unga wa dengu, na mchana kuna chakula cha bure kwa wote. Kuleni kwa mkono wa kulia, msibakishe. Mahabaleshwara iko hatua chache tu na huwa tulivu. Ukiwa umechoshwa na kelele, ingia huko.

Kwenye kingo za mlima utaona mji wote, na jumba la mfalme katikati. Jioni za Jumapili na za sikukuu jumba hilo huwashwa karibu taa 100,000 kwa muda usiofika saa moja. Ukitaka kuziona kutoka mlimani, panda na ushuke kwa basi au gari.

Hatua ya 9: Kushuka

Kupanda kunachosha pafu, kushuka kunaumiza goti. Mwenye historia ya magoti apande kwa ngazi na ashuke kwa basi. Usishuke ngazi giza likiingia. Pande zote ni msitu wa hifadhi na chui wameonekana humo mara nyingi. Si hadithi hiyo.

Ukikwama

*Umefika mlango umefungwa.* Ni mapumziko ya saa 8 au ya saa 12 jioni. Nenda Mahabaleshwara au ukale, hakuna kitakachofunguliwa kwa kubembeleza.

*Tumbili amechukua mfuko.* Mwache. Usimkimbilie wala kumwonyesha meno. Kawaida anatafuta chakula, akikikosa anatupa. Ndiyo maana nilisema zipu, na ndiyo maana ndizi za sadaka hazibebwi mkononi.

*Watu wanakuzunguka wakitaka selfi.* Kwa mtu mweusi ni jambo la kila safari, na wengi hawana nia mbaya. Ukipenda, kubali mbili tatu kisha endelea kutembea, maana ukisimama foleni inajipanga. Ukikataa, sema "beda", sitaki, huku unatabasamu. Anayekugusa nywele bila ruhusa, uso mkavu unatosha. Akizidi, waite walinzi.

*Mtu amekufunga uzi mkononi na sasa anadai mamia.* Kuhani wa hekalu yuko ndani ya hekalu. Huyu wa njiani mpe noti ya 10 au mrudishie uzi wake. Usitoe pochi mbele yake.

*Viatu havipo.* Kama vilikuwa bandani, onyesha kibao. Kama uliviacha mlangoni kwenye rundo, vibandani wanauza kandambili.

*Kizunguzungu njiani.* Kaa kivulini, maji, kitu cha chumvi. Omba msaada kwa waliopo, wenyeji hupanda ngazi hizi kila asubuhi kwa mazoezi na wanajua barabara ilipo karibu. Kwa dharura piga 108, ndiyo namba ya gari la wagonjwa huku.

*Nina mgonjwa.* Aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, figo au uti wa mgongo asipande ngazi hata akisema anajisikia vizuri. Aende kwa gari, siku ya katikati ya wiki, baada ya daktari wake kukubali. Aliyepandikizwa figo avae barakoa kwenye mstari, na maji ya kiganjani asinywe, ajipake kichwani tu. Mwenye kiti cha magurudumu awaulize walinzi mapema, kabla hajaingizwa kwenye vyuma vya foleni, kwa sababu ukishakuwa katikati yake kugeuka ni shughuli.